Pale Anapolala Mpishi

Soni, Jumapili mchana

Hadija mwanangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana utakapokuwa unasoma haya nitakuwa nimebaki huku juu, na shikamoo yako sitaisikia.

Umetoka kwenda Bumbuli kumuaga bibi yako, nami ndipo nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Ungenikuta ungecheka. "Mama, si unitumie meseji tu?" Meseji ni za kuulizana umekula nini. Na tukisema kwa mdomo, mimi na wewe tunajuana: wewe unaanza kulia, mimi naanza kufoka, kisha mmoja wetu anakwenda kukoroga chungu ambacho hakikuomba kukorogwa. Kwa hiyo nimeandika. Usisome kwenye zile kona za kushuka, utatapika kama siku ile tulipokwenda Korogwe. Soma ukifika Mombo, kwenye njia panda. Kaa chini, agiza chai, soma mpaka mwisho, ndipo usimame upande wowote wa barabara unaotaka kusimama.

Mambo ya sweta na dawa za malaria siyaandiki. Begi umelifunga na kulifungua hadi zipu imechoka, na akili unazo kuliko nilizokuwa nazo mimi umri wako. Naandika juu ya lile swali lako.

Kambi mbili za watalii zimekuita kazini. Moja iko hapa chini tu, upande wa Mkomazi, juu ya kilima, ambako siku ya anga safi mtu akisimama Mtae, ukingoni mwa milima yetu, anaweza kunyoosha kidole akasema, mwanangu yuko pale. Kazi yenyewe ni mapokezi: unawapa wageni juisi na taulo la kufutia vumbi, unawaonyesha hema lao, unatabasamu. Nyingine iko kusini, mbali, ukingoni mwa Rufiji, na huko wamesema watakufundisha kuongoza wageni, uwatembeze kwa miguu na kwa boti. Zote zinakutaka, na kesho ukishuka unatakiwa uwapigie simu wale uliowachagua. Na wewe, badala ya kuchagua, ukanikalia mbele mikono magotini ukasema, "Mama, chagua wewe. Utakakosema ndiko nitakakokwenda."

Nikakwambia maharage yanaungua. Hayakuwa yanaungua.

Ukauliza tena, nikajifanya sijasikia. Ukauliza mbele ya bibi yako, nikatoka nje kufukuza kuku ambao hawakuwapo. Sasa umenuna, na najua unachofikiri: Mama amekasirika kwamba naondoka. Sikukasirika, Hadija. Niliogopa. Mara ya mwisho mtu wa nyumba hii kuniuliza aende kambi gani, nilimjibu haraka haraka, na unajua tulimzika wapi.

Hayo unayajua. Hata uliwahi kunitupia usoni. Ulikuwa kidato cha pili, nimekukataza safari ya shule ya kwenda kuona wanyama, ukasimama pale mlangoni ukapiga kelele: "Si wewe uliyemtuma kule? Baba angekuwa hai!" Sikukupiga. Nilichukua jembe nikaenda shambani nikang'oa tuta zima la karoti ambazo hazijakomaa, nyembamba kama vidole vya mtoto mchanga, na wiki ile tukala karoti asubuhi na jioni. Wewe ulizila tu. Mimi nikasema moyoni, yatapita. Hayakupita, tuliyafunika tu. Ulichosema siku ile kilikuwa kweli, ila kilikuwa nusu, na nusu nyingine hukuwa nayo kwa sababu mimi sikukupa. Basi leo nakupa, hata kama mwandiko unakwenda kama njia ya kuku.

Baba yako, Shabani, alikuwa mpishi wa kambi. Unakumbuka mkate wake, hilo najua hujasahau. Anachimba shimo, anatandika makaa, anatumbukiza sufuria, makaa mengine juu ya mfuniko, na baada ya muda unatoka mkate umeumuka kama umetoka dukani Tanga. Wageni walikuwa wanampiga picha amesimama kando ya shimo na koleo mkononi, mkali kama askari. Masika yakianza kambi zinafungwa, naye anapanda nyumbani. Uani hapa likawapo shimo moja la mkate, na majirani wakawa wanapita kila saa eti wanaomba moto.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno, wote wawili hatukuhitaji kuwa nayo. Pale sokoni Soni walikuwa wananitania kwamba kwa Shabani jogoo anavaa kanga. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa najisikia, kusema kweli.

Mwaka ule, ulikuwa darasa la pili, akaja na habari kama hizi zako. Kazi mbili. Kambi moja ilikuwa kaskazini kabisa, juu ya kilima kikavu, upepo kutwa, maji yanaletwa na boza. Nyingine ilikuwa hapa chini kwenye tambarare, miguuni mwa milima yetu, kando ya korongo lenye migunga mikubwa yenye kivuli kizuri. Ukichimba kidogo kwenye mchanga, maji matamu. Na akipata ruhusa angeweza kupanda nyumbani na lori linalorudi tupu kutoka kushusha mboga. Nilikuwa nimeinama nafunga mafungu ya karoti, kesho yake soko. Akasimama karibu, akasema, "Mama Hadija, wewe unaonaje?"

Sikuinua kichwa. Nikasema, "Penye maji. Kuna mtu mwenye akili zake anachagua pakavu?"

Akasema, "Ila kule chini ule mchanga..."

"Mchanga umefanyaje? Unataka kuuoa?"

Wanawake niliokuwa nao wakacheka, naye akacheka. Akachagua penye maji. Ndiyo hivyo tu, mwanangu. Mambo mengine makubwa yanaamuliwa mtu ameinama, na kamba ya mgomba mdomoni.

Nataka unielewe, sikusema vile kwa ujeuri peke yake. Sisi watu wa huku tumelelewa hivyo. Ndugu wakigombea urithi hawagombei kilele, wanagombea bondeni, karibu na mfereji. Binti akiposwa, mama yake anauliza kwanza, kwao maji yako karibu? Kwetu maji hayajapata kuwa adui. Yakija na nguvu yanabomoa tuta, tunayatukana, tunatengeneza tena. Mvua ikinyesha unaisikia kwenye bati lako mwenyewe, na inayokulowesha ndiyo hiyo hiyo unayoiona. Yakishapita shambani kwetu, hatuulizi yanakwenda wapi. Yameshuka, basi. Nilikuwa mtu mzima, mke na mama, na sikuwa nimewahi kujiuliza hata siku moja: haya yanayoshuka yanamshukia nani?

Mwaka huo vuli ilichelewa. Maharage yalikuwa yanakauka yamesimama. Tuliomba mvua msikitini, na Walutheri wakaomba kwao, na wale wazee wetu wengine wakaomba kwa njia zao wanazozijua, hakuna aliyekatazwa. Ikaja jioni moja, jamani, kama iliyokuwa imezuiliwa na mtu akaiachia. Labda unakumbuka, tulitoka nje wewe na mimi tukacheza uani. Ulipanga ndoo na beseni zote, hata sufuria ya baba yako. Nilisema alhamdulillahi hadi sauti ikakauka. Usiku nikalala naisikiliza kwenye bati, na sijapata kulala vizuri vile tena.

Kule chini, halikudondoka hata tone. Nyota zilikuwa zinaonekana. Wapishi waliosha vyombo wakalala. Maji yakaja gizani kwa njia ya korongo, chini ya anga safi, na wale waliosikia walidhani ni lori limepotea njia. Wageni walikuwa juu, kwenye ukingo uliopanda, mahema yao yamejengewa sakafu za mbao. Wao waliamka wakawasha tochi. Mahema ya wafanyakazi yalikuwa chini, pale korongo linapokunja, ili jiko liwe karibu na maji ya kuoshea vyombo. Wenzake walitoka, mmoja akiwa ameshika mti. Baba yako alikuwa analala mwisho kabisa, karibu na shimo lake la mkate, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaamka kwanza.

Maji yale yalikuwa ya kwetu, Hadija. Korongo lile linateremka kutoka milima hii hii. Ile mvua niliyoichezea na kuishukuru ndiyo iliyomchukua mume wangu. Nimeishi na jambo hilo muda wote huu na sijapata kumwambia mtu, kwa sababu sikujua linasemwaje. Ningesema, nilimshukuru Mungu kwa maji yaliyomuua Shabani? Ndiyo. Sasa nimelisema, na halijawa jepesi, ila angalau liko nje.

Walimleta kesho yake. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua ile ile, wakambeba mabegani kutoka kona ya mwisho. Nikaingia eda. Wanawake walikuja wakakaa nami, Mungu awajaze kheri, kila mmoja na maneno yake: siku yake ilifika, kazi ya Mola haina makosa. Nikaitikia. Bibi yako, aliyempoteza mwanawe, alikaa karibu yangu tu akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, jioni akaanza upya.

Nilipotoka eda akaja dereva wao, Mpare wa Same, mtu mzima mwenye staha, kutoa pole. Nikamwambia, "Nipeleke." Akasema, "Dada, utakwenda kuona nini? Hakuna kitu." Nikamwambia, "Hicho hicho." Akanipeleka.

Kweli hapakuwa na kitu. Mchanga mweupe, mkavu, umelala kama kitanda kilichotandikwa. Nikauliza, mto uko wapi? Akanionyesha mchanga. Nilitaka kucheka, wallahi. Hicho ndicho nilichokiita penye maji. Kisha nikainua macho, na juu ya kichwa changu, kwenye matawi ya migunga, nikaona majani makavu na vijiti vimenasa, vimesukwa kama viota vya ndege wasio na akili. Nikadhani ni viota. Dereva akasema, "Hayo ndiyo maji yalipofika." Nikatazama vizuri. Mengine yalikuwa bado ya hudhurungi, mengine ya kijivu, yamezeeka.

"Na haya ya kijivu?"

"Ya zamani hayo."

"Kwa hiyo yalikuwa yanafika hapa?"

"Yanafika, dada. Si kila mwaka."

"Mlimwambia?"

Akatazama viatu vyake. Akasema, "Hakutuuliza. Na sisi tulidhani anajua. Mtu wa milimani, tukasema, huyu maji anayajua."

Nilikaa kwenye mchanga ule nikalia hadi yule mtu akaondoka akaenda kusimama kwenye gari. Hakuna aliyetaka kumdhuru. Baba yako alidhani mto mkavu ni mto uliokufa. Wao walidhani mtu anayetoka kwenye maji anayajua. Mimi nilidhani nimesema jambo la busara mbele ya wenzangu. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto wa chekechea, na sisi watu wazima kila mmoja alikaa na jibu lake mfukoni akimheshimu mwenzake.

Sasa sikiliza kosa langu jingine, maana lile la kwanza nilifanya kwa kutojua, hili nililifanya macho makavu. Niliporudi nilikuwa nimejifunza somo, ila nililisoma kichwa chini miguu juu. Nikasema, adui ni mto. Adui ni porini, adui ni watalii na mahema yao. Nikafukia shimo la mkate. Nikakukataza kuitaja tambarare ndani ya nyumba, kana kwamba ukiifungia dirisha inahama. Ulipomaliza shule ukasema unataka kusomea utalii, nikasema utasomea unesi, uje ufanye kazi hospitali hapo Bumbuli, na wewe damu ya kuku tu ukiiona unashika ukuta. Tukawa hatusemeshani. Bibi yako ndiye aliyekuja akaniambia mbele yako, "Mtoto si mbuzi, utamfungia kamba mpaka lini?" Nilimkasirikia. Siku hizi nambusu mikono.

Kosa halikuwa mto. Hilo nimelielewa polepole sana, na nakusihi wewe ulielewe haraka. Kosa lilikuwa kwamba mtu aliyepaona mahali kwa macho yake alimuuliza mtu asiyepaona, na yule asiyepaona akajibu bila kumwacha amalize. "Ila kule chini ule mchanga..." Alitaka kusema nini? Nimejiuliza nikilima, nikiswali, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Labda alitaka kusema unaingia kwenye unga na wageni wanalalamika. Labda alikuwa ameona kitu kikamtia shaka, akataka mtu wa kumwambia, una haki ya kuwa na shaka, Shabani. Sitajua. Ningetoa masikio yote mawili nimsikie akiimaliza sentensi ile.

Basi hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu kuchagua kambi, na sikuyasoma chuoni kama wewe. Mgeni anachagua kwa picha: bafu la nje, tembo karibu na hema, jua linazama. Hana makosa, analala siku chache anaondoka. Wewe utalala pale msimu mzima. Kwa hiyo ukifika kokote, kabla hujasaini na kabla hujavaa sare yao, omba uonyeshwe pale anapolala mpishi. Usione haya. Sema mama yangu kaniagiza, waache wacheke. Kambi inayomlaza mpishi pazuri haitakulaza wewe pabaya, na inayowapandisha wageni juu na kuwaacha wapishi chini imeshakwambia yote, hata kama meneja anakuita dada na kukukaribisha soda. Ukiwa hapo tazama matawi ya miti, si mto. Halafu tafuta mtu aliyezaliwa pale, mfagizi, mvuvi, mama wa kuuza maandazi, yeyote, umuulize maji ya hapa yanatoka wapi na yalishawahi kufika wapi. Ukiulizwa wewe jambo na mtu anayekuheshimu, acha unachofunga, inua kichwa, umsikilize mpaka mwisho. Hayo tu. Mengine utajifunza kwa kukosea, nami nitakuombea makosa yako yawe ya kuanika juani yakakauka.

Sasa swali lako.

Nimekutazama, mwanangu. Ukizungumzia ile kambi ya Mkomazi unasema, "Nayo si mbaya." Hivyo ndivyo unavyosema juu ya maharage ya jana. Ukizungumzia Rufiji unasimama. Unanionyesha kwa mikono yote miwili kinywa cha kiboko kinavyofunguka, na juzi ulimwangusha paka. Umetazama zile video za boti hadi simu ikazima. Kisha ukiniona naingia unanyamaza na kusema tena habari za Mkomazi, jinsi palivyo karibu, jinsi utakavyokuja kwenye Idi. Unaniuliza nichague kwa sababu umeshachagua na unaogopa kwamba jibu lako litaniua. Unataka niseme kilima, uende kwa amani, umeridhisha mama.

Nami nilitaka kukisema. Nisidanganye. Neno Mkomazi limekuwa mdomoni mwangu kila jioni tangu uulize, limekaa juu ya ulimi, la kutema tu. Pakavu. Pa juu. Ningekuwa nasimama Mtae nanyoosha kidole. Nikalimeza, nikaenda kufukuza kuku. Maana nililiona mbele: wewe umesimama mapokezi unagawa taulo, wenzako wanatoka na wageni asubuhi wanarudi jioni wanasimulia, na wewe unatabasamu. Usingenilaumu. Wewe ni mtoto wa Shabani, ungecheka tu, ukakubali. Na mimi ningekuwa nimemkatiza mtu wa pili.

Kwa hiyo sikuchagulii. Ulishachagua, mimi narudia tu kwa sauti, upate kulisikia kutoka kwangu na usiende ukidhani umeniibia kitu. Nenda Rufiji, Hadija. Simama upande wa mabasi yanayokwenda Chalinze, uwapigie simu wale watu wa mto uwaambie unakuja. Jifunze boti. Jifunze njia za tembo na majina ya ndege, uwaongoze hao wageni, na siku moja uje unisimulie mpaka nilale kitini. Nina huzuni sana, sitakuficha, nimeandika nusu ya barua hii nikifuta macho kwa kanga uliyoninunulia. Lakini huzuni yangu si sababu ya wewe kukaa kilimani.

Kuogopa sitaacha, hilo usilisubiri. Mvua ikinyesha huku nitakupigia simu. Najua maji yetu hayafiki Rufiji, yanashuka Mombo yanakwenda zake Pangani. Nimemfuata mwalimu wa jiografia pale sekondari, nimemuuliza hadi akachoka. Nitakupigia hivyo hivyo, hata iwe usiku wa manane, hata uwe umechoka na wageni. Usinicheke, wala usianze kunieleza habari za mito. Pokea, useme, "Mama, niko juu," kisha ulale.

Mama yako